Mfumo mchanganyiko wa afya huvuja kwenye maungio

Ubishi wa "serikali itibu wote" dhidi ya "waachieni watu binafsi" umechosha, na haujamponya mgonjwa hata mmoja. Sijui nchi inayotibu watu wake kwa fedha za umma tupu, wala inayowatibu kwa fedha za mifukoni tupu. Hata Uingereza, ambako tangu 1948 matibabu hulipiwa kwa kodi, madaktari wengi wa familia wamekuwa watu waliojiajiri wenye mkataba na serikali, na mabingwa waliruhusiwa kubaki na wagonjwa wao wa kulipia. Ujerumani ilianza bima ya lazima ya wafanyakazi mwaka 1883. Leo mifuko ileile ya bima hulipa hospitali za umma, za mashirika ya dini na za wafanyabiashara. Kuchanganya kulishatokea zamani. La kuuliza ni lile ambalo fundi bomba huuliza akikuta ukuta umelowa: mabomba haya yameungwa wapi, na yanavuja kiasi gani?

Tuanze na neno lenyewe. "Binafsi" hufunga mambo mawili kwenye fungu moja: nani analipa, na nani anatibu. Kanada, fedha za daktari na hospitali ni za umma, lakini madaktari wengi wamejiajiri na hupeleka madai kwa kila mgonjwa waliyemwona. Sheria yao ya 1984 inasema jimbo likiacha madaktari wamtoze mgonjwa nyongeza juu ya malipo ya umma, serikali kuu hukata kiasi hichohicho kwenye ruzuku ya jimbo. Ni kali, na naipenda. Lakini hapohapo dawa za kununua nje ya hospitali zimeachwa kwa sehemu kubwa kwenye bima za kazini na mifuko ya watu. Mwenye kisukari anaweza kuonwa na daktari bila kutoa senti, kisha akasimama kwenye dirisha la dawa na cheti asichoweza kukilipia. Kwa hiyo mtu akikuambia sekta binafsi imeharibu, au imeokoa, muulize kwanza: ya kulipa au ya kutibu?

Hoja inayopendwa kuliko zote ni ya foleni: mwenye nacho akienda kulipia, anampisha asiye nacho. Inaingia akilini mpaka uhesabu saa za daktari. Chukua mfano wa hesabu tu. Wapasuaji 10, siku 5 kwa wiki, wagonjwa 6 kwa siku: wagonjwa 300 kila wiki. Sasa kila mpasuaji aruhusiwe siku moja kwenye kliniki ya kulipia. Hospitali ya umma inabaki na 240. Kliniki itapasua 60 ikijitahidi, na huenda isifike, maana anayelipa hutarajia kupewa muda zaidi. Jumla haijaongezeka hata kwa mtu mmoja. Foleni imepungukiwa na watu 60, na mikono ya kuihudumia imepungua kwa kiasi kilekile. Kilichobadilika ni anayetangulia: zamani alitangulia aliyezidiwa, sasa wale 60 wanatangulizwa na pochi.

Hoja hiyo huwa ya kweli pale sekta binafsi inapoleta saa mpya. Upasuaji wa jioni au Jumamosi, katika chumba ambacho kingekaa kimefungwa, ni saa mpya. Watumishi ambao hawakung'olewa hospitali ya umma ni saa mpya. Na hapa wapangaji huhesabu wapasuaji wakawasahau wataalamu wa usingizi na wauguzi wa chumba cha upasuaji, ambao mara nyingi ndio wachache zaidi. Mpasuaji aliye tayari Jumamosi bila mtu wa usingizi ni mtu aliyevaa glovu tu.

Lipo jambo zito zaidi, na hili ndilo ungio la kwanza. Daktari yuleyule akiwa na meza mbili, moja ya mshahara na moja ya malipo ya papo hapo, foleni ndefu kwenye meza ya kwanza ndiyo tangazo la meza ya pili. Sisemi madaktari ni wabaya. Nasema tumewawekea mtego kisha tukawahubiria maadili. Ireland, baada ya miaka mingi ya kutibu wagonjwa wa kulipia ndani ya hospitali za umma, ilileta mwaka 2023 mkataba unaomtaka bingwa anayeusaini awatibu wagonjwa wa umma tu akiwa ndani ya hospitali ya umma. Akitaka kulipwa na wagonjwa, afanye nje, baada ya saa zake. Hiyo ndiyo njia, ila ina bei: mshahara lazima uwe wa kumtosha mtu, la sivyo ataondoka moja kwa moja badala ya kuondoka siku moja kwa wiki. Na pawe na kanuni mbili ndogo ambazo husahaulika: saa za zamu ziandikwe na mtu asiye daktari mwenyewe, na daktari ampe mgonjwa rufaa yoyote isipokuwa ya kwenda kwenye kliniki yake mwenyewe.

Ungio la pili ni pale serikali inaponunua huduma kwa kliniki binafsi. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tuseme kila upasuaji wa mtoto wa jicho hulipwa 100, bei moja kwa wote. Mgonjwa mwepesi hugharimu 70. Mgonjwa mgumu, mwenye mboni isiyofunguka vizuri, mtoto wa jicho aliyekwisha kuwa mgumu na kisukari juu yake, hugharimu 160. Wepesi wawili na mgumu mmoja: 70 na 70 na 160 ni 300, kwa hiyo 100 ni bei ya haki kwa anayepokea wote. Sasa kliniki ipokee wepesi tu. Inapata 30 kwa kila jicho, bila kudanganya mtu. Wagumu wanabaki hospitali ya umma, na kila mmoja anaiacha na hasara ya 60. Mwisho wa mwaka taarifa inaandikwa kwamba hospitali ya umma inapasua kwa gharama kubwa na wagonjwa wake hupata madhara mengi, na mtu anapendekeza kliniki iongezewe mkataba.

Kuna hasara isiyoonekana kwenye jedwali. Daktari anayesomea ubingwa hujifunzia kwa mgonjwa mwepesi. Wepesi wakihamia kliniki isiyofundisha, yeye anaanzia kwenye jicho gumu, au hapati jicho kabisa. Dawa ya haya yote inajulikana: bei ziwe na madaraja kulingana na uzito wa mgonjwa, kliniki ipokee wagonjwa kwa mpangilio wa orodha bila kuchambua, na sehemu ya nafasi iwe ya mafunzo. Mkataba usio na vifungu hivi vitatu usitiwe saini, hata kama bei yake inapendeza.

Kwenye bima mchujo ni uleule, ila unafanywa kwa fomu badala ya kisu. Chile, tangu 1981, mfanyakazi huamua mchango wake wa lazima, ambao sasa ni asilimia 7 ya kipato, uende mfuko wa umma au kampuni binafsi. Kampuni zilipanga bei kwa umri na jinsia, wazee na maskini wakarudi kwenye mfuko wa umma, na mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya sheria vilivyohusu majedwali hayo ya bei. Ujerumani mwenye kipato cha juu anaweza kutoka kwenye mifuko ya lazima na kuingia bima binafsi inayopima umri na afya yake siku ya kuingia. Akishapita miaka 55, kurudi ni kugumu mno. Kijana anayevutiwa na ada ndogo akumbuke hilo.

Uholanzi ilibana vizuri zaidi. Tangu 2006 bima zote za msingi zinaendeshwa na kampuni binafsi, lakini kampuni hairuhusiwi kumkataa mtu, na ada ya bima moja ni ileile kwa mzima na mgonjwa. Kinachozuia ujanja ni mfuko wa kusawazisha: kampuni yenye wazee na wagonjwa sugu wengi hupokea zaidi, kwa kuangalia umri, dawa wanazotumia na magonjwa waliyotibiwa. Bila mfuko huo, amri ya "usimkatae mtu" hubaki karatasi, kwa sababu kampuni itajua namna ya kutompendeza mgonjwa hadi aondoke mwenyewe. Si muujiza: mtu mzima hujilipia euro 385 za kwanza kwa mwaka, ingawa kumwona daktari wa familia hakuhesabiwi humo, na kiasi hicho kinamuuma mwenye kipato kidogo.

Singapore nayo inastahili kutazamwa kwa jambo moja. Katika hospitali ya umma ileile mgonjwa huchagua daraja la wodi, na ruzuku ya wodi za chini hufika hadi asilimia 80. Anayelipa zaidi hupata chumba cha faragha na kuchagua daktari. Nakubali watu walipie pazia na kitanda. Nisichokubali ni walipie zamu ya foleni.

Limebaki ungio la usiku. Kliniki nyingi za upasuaji wa siku moja hazina chumba cha wagonjwa mahututi. Mgonjwa akivuja damu saa nne usiku, gari linampeleka hospitali ya umma, mara nyingine bila faili, na daktari wa zamu anaanza kukisia alifanyiwa nini mchana. Gharama inaandikwa kwa aliyempokea, na sifa ya upasuaji "uliofanikiwa" inabaki kwa aliyempasua. Kwa hiyo mkataba utaje kwa maandishi hospitali itakayompokea, namba ya simu ya mpasuaji inayopatikana usiku kucha, na faili litakalosafiri na mgonjwa ndani ya gari hilohilo. Na kila anayelazwa tena ndani ya siku 30 ahesabiwe kwa kliniki iliyompasua, na bili ipelekwe huko.