Rangi ya Kutu, Wellingtonbridge

Mzee alinigongea mlango saa tatu kasoro robo asubuhi, nami ndiyo kwanza navua viatu vya zamu ya usiku. Alikuwa amevaa koti la mvua na kofia ya sufi, mkononi ameshika tepu ya kupimia.

"Una usingizi?"

Nikamwambia ninao, tena mwingi.

"Utalala garini. Wiki hii wanamaliza viazi sukari."

Ilikuwa Januari 2006, mjini Waterford, kusini mashariki mwa Ireland. Nilikuwa muuguzi, mwaka wangu wa tatu pale, na chumba nilichopanga kilikuwa nyumba ya pili kutoka kwake. Yeye alikuwa seremala mstaafu, mgane. Alitaka nimwite kwa jina lake, kama Waairishi wanavyoitana bila kujali umri, lakini ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Mzee. Nilipomweleza maana yake akalipokea neno lile kama mtu aliyepandishwa cheo.

Urafiki wetu ulianza na namba. Siku aliyonionyesha chumba chake cha juu, reli ndogo ikiwa imezunguka kuta tatu, niliuliza swali ambalo binti wa mfanyakazi wa reli hawezi kuacha kuuliza: upana wake ni ngapi? Baba yangu alitumika stesheni ya Voi, Kenya, hadi alipostaafu, na nyumbani kwetu milimita 1000 tuliijua kabla hatujajua sanduku letu la posta. Mzee aliweka chini pasi yake ya kulehemu. Reli ya Ireland, akasema, ni milimita 1600, futi 5 na inchi 3, pana kuliko ya Uingereza. Lakini modeli nyingi za dukani ni za kipimo cha moja kwa 76, na hukimbia kwenye reli ya milimita 16.5. Ukizidisha unapata milimita 1254, reli ambayo haipo Ireland wala Uingereza. Hilo lilimkera. Kwa kipimo kile, reli ya kwao inapaswa kuwa milimita 21, naye akawa anajijengea yake, taruma baada ya taruma, kila moja ameikata kwa mkono. Kisha akachukua penseli akaigawanya reli ya baba yangu kwa 76. Ilitoka 13 na nukta. Akaiandika ukutani kando ya 21 yake, na tangu siku hiyo nikawa napanda ngazi zile bila kualikwa.

Wakati huo modeli za treni za Ireland zilizo tayari zilikuwa adimu. Wengi walinunua za Uingereza wakazipaka rangi upya, na aliyetaka kitu cha kweli alikijenga. Siku hizi mambo ni tofauti: kampuni ya Murphy Models imetoa vichwa vya treni vya aina ya 071, na Irish Railway Models wametoa mabehewa ya saruji yale ya duara na yale ya madini ya zinki yatokayo Navan kwenda bandari ya Dublin. Nimeyashika mkononi na ni kazi safi kabisa. Lakini mwaka 2006 Mzee alikuwa na bati jembamba, plastiki, gundi, na hofu kwamba behewa alilolitaka, la kubebea viazi sukari, ile mizizi inayotengenezewa sukari kiwandani, lingekatwa vyuma chakavu kabla hajalipima.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kiwanda cha sukari cha Carlow kilikuwa kimefungwa mwaka 2005, na kilichobaki nchi nzima ni cha Mallow. Novemba ya mwaka huohuo mawaziri wa Umoja wa Ulaya wakakubaliana kupunguza bei ya sukari kwa asilimia 36. Hakuna aliyetangaza kitu bado, ila wakulima wa viazi hivyo kaunti ya Wexford walikuwa wanajua kuhesabu.

Tulivuka kwa feri kutoka Passage East hadi Ballyhack. Ni feri ndogo, maji yenyewe hayana upana wa kutisha, nami kila nikisikia mlango wa chuma unashuka hukumbuka Likoni. Pale ndani ya feri, injini ya gari ikiwa imezimwa, ndipo Mzee aliponiambia kwa nini amenichukua. Nilidhani ananihitaji nishike ncha ya pili ya tepu. Sivyo. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, anasubiri zamu ya upasuaji, na rangi zilikuwa zinamtoroka. Mistari aliiona, namba aliziona kwa miwani, ila nyekundu na kahawia zilikuwa zimekuwa kitu kimoja cha manjano machafu.

"Vipimo nitachukua mwenyewe," alisema. "Wewe niangalizie kutu."

Wellingtonbridge ni kijiji kidogo, lakini majira ya viazi sukari stesheni yake ilikuwa na pilikapilika kuliko miji mikubwa. Matrekta yalipanga foleni barabarani. Kiazi sukari ni mzizi mweupe, mnene kama kichwa cha mtoto mchanga, na huja na udongo wake. Basi hewa yote pale ilinuka shamba lililolimwa, na chini ya harufu hiyo kuna utamu fulani mzito kama wa mboga iliyoanza kuchacha. Mvua ilikuwa imepita muda si mrefu. Mfanyakazi mmoja wa stesheni, aliyemfahamu Mzee kwa miaka, alituonyesha behewa bovu lililokuwa limetengwa pembeni, akatupa vizibao vya kung'aa na dakika 20.

Behewa la viazi sukari la Ireland ni kitu cha kipekee. Walichukua mabehewa ya zamani ya wazi, yenye kuta za bati la mikunjo, wakaweka behewa moja juu ya jingine, kisha wakalikalisha rundo hilo juu ya fremu ya magurudumu manne. Mshono wa pale katikati, mahali behewa la juu linapokutana na la chini, unaonekana wazi. Ni kazi ya watu wasiotupa kitu, nami nililipenda palepale. Kwetu pia hakuna bati linalotupwa.

Mzee alipima kama mtu anayepima suti. Aliita namba, nami nikaziandika nyuma ya ratiba yangu ya zamu, karatasi pekee niliyokuwa nayo mfukoni. Tulihesabu mikunjo ya bati upande mmoja mara tatu, na mara zote tatu hatukuafikiana, kwa sababu kona moja ilikuwa imebonyea na mikunjo imelaliana. Akaamua kuijenga imebonyea vilevile.

Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akavua miwani. "Haya. Niambie."

Sikuwa nimewahi kuitazama kutu. Unadhani ni rangi moja. Karibu na mshono ilikuwa nyeusi, inatiririka kama machozi ya wanja. Kwenye migongo ya mikunjo ilikuwa ya chungwa, na mabondeni, mahali udongo na maji vinapokaa, ilikuwa nyekundu ya kina ambayo niliijua bila kufikiri. Nikasema kwa Kiswahili, kisha nikamtafsiria: ni udongo wa Voi. Hakucheka. Aliniambia niandike.

Treni iliyojaa iliondoka kabla dakika zetu hazijaisha. Kichwa kilikuwa 071, rangi ya chungwa na nyeusi, kimoja kati ya vile 18 vilivyoletwa kutoka Marekani mwaka 1976, mwaka niliozaliwa mimi. Hakiondoki kwa ghafla. Kwanza ngurumo inapanda, moshi unatoka, na hakuna kinachosogea. Kisha minyororo kati ya mabehewa inakazwa moja baada ya nyingine, na mlio huo unakuja kuelekea kwako, unakupita, unaishia mkiani. Baba alinifundisha kuhesabu mabehewa kabla ya kuhesabu vidole, kwa hiyo nikaanza: moja, mbili, tatu. Sikufika mbali. Mzee alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, wala hakuwa akilitazama treni. Alikuwa amefumba macho. Kiazi kimoja kiliporomoka kutoka behewa la nyuma kikabiringika hadi miguuni petu, nalo treni likaishilia kuelekea Campile na lile daraja refu la mwaka 1906 juu ya Mto Barrow.

Nilikiokota kile kiazi. Kilikaa dirishani kwangu hadi kikanyauka.

Machi ikatangazwa kwamba Mallow inafungwa. Mwaka huohuo mapipa ya bia ya Guinness nayo yaliacha kusafiri kwa reli, na mwaka 2010 treni za abiria zikaacha kulivuka daraja la Barrow. Mizigo haikuisha kabisa Ireland. Magogo bado yanatoka Mayo kuja Waterford, na makontena yanatoka Ballina. Nikiyasikia usiku naamka kuyasikiliza vizuri.

Bodi ya modeli ya behewa ilikuwa tayari mwishoni mwa Machi, na kona yake imebonyea pale inapostahili. Upasuaji ulikuwa bado. Mzee alinikalisha chini ya taa, akapanga vikopo vya rangi na vipande vya kadi nyeupe, akaanza kuchanganya tone kwa tone. Yeye anapaka kwenye kadi, mimi natikisa kichwa. Ya kwanza ilikuwa ya tofali. Ya pili ilikuwa ya kahawa. Ya nne ilinidanganya nikataka kukubali, kisha ilipokauka ikageuka waridi.

"Huo udongo wenu," akauliza, "ulionao kichwani ni mkavu, au umenyeshewa?"

Swali hilo lilininyamazisha. Nilijikuta niko nyuma ya nyumba za reli, niko pekupeku, natazama miguu yangu. Nikakumbuka na uwanja wa Wellingtonbridge ulivyokuwa unametameta asubuhi ile.

"Umenyeshewa," nikasema. "Mvua imeshakatika, lakini jua halijatoka."

Akaongeza tone la nyeusi, na nusu tone la zambarau ambalo nisingalilifikiria kamwe. Akapaka. Tukasubiri ikauke, hakuna aliyesema neno.

"Hapo," nikasema.

Alikuwa na daftari alimoandika michanganyiko yake yote, miaka na miaka ya matone, kila mchanganyiko na jina lake. Akafungua ukurasa mpya, akaandika hesabu ya matone, kisha akaniomba nimtajie herufi za jina moja moja, akaziandika kubwa: VOI. Chini yake, kwa lugha yake: baada ya mvua. Akanipa burashi.