"Kwa nini hapigi yowe?" Watazamaji walivyoninyooshea filamu

Filamu yetu ina waigizaji watatu, nyumba moja na usiku mmoja. Binti amebaki nyumbani na babu yake mgonjwa, na nje kuna mwanaume anayetaka kuingia. Tuliirekodi Uyole, Mbeya, kwa mama mdogo wangu, kwa sababu pesa ya kukodi nyumba haikuwepo na yeye alitupa funguo bila kuuliza maswali mengi. Kupiga picha hakukuniumiza kichwa sana. Kilichoniumiza ni kupata maoni ya kweli kabla sijafunga uhariri.

Watu wetu wana heshima. Ukiwaonyesha kazi yako halafu ukauliza "mmeionaje?", utajibiwa "nzuri sana dada, hongera, Mungu akuinue", na mazungumzo yameishia hapo. Nilikuwa nahitaji mtu aniambie amechoka dakika gani. Nikamfuata kaka mmoja mwenye kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea filamu, pale Mwanjelwa, maana wateja wake hawamwonei mtu haya, filamu ikipoa wanapiga miluzi. Kibandani hatukuionyesha, kwani Sheria Namba 4 ya 1976 inataka filamu ipitiwe na Bodi ya Filamu kwanza ndipo ionyeshwe hadharani. Nilimwomba aje na vijana wachache sebuleni kwetu, siku nyingine nikaita akina mama wa jirani, bure, na chai juu.

Nilikaa nyuma yao na daftari. Kila mtu aliyetoa simu mfukoni niliandika ni dakika ya ngapi. Filamu ilipoisha sikuuliza kama wameipenda. Niliuliza: "Ungekuwa wewe, pale ungefanya nini?" Swali hilo lilifungua midomo yote. Mtu ukimwomba ahukumu kazi yako anakuonea huruma, ila ukimuuliza angejiokoaje nyumbani kwake anasahau kabisa kwamba uko hapo.

La kwanza lilitoka kwa vijana, karibu wote kwa pamoja: "Stelingi kwa nini hapigi yowe?" Stelingi, yaani mhusika mkuu, ndiye yule binti. Nao wana haki. Uyole nyumba zimekaribiana. Ukipiga kelele za mwizi saa nane usiku, watu watatoka na marungu kabla hujamaliza. Filamu yoyote ya kuvamiwa nyumbani lazima ijibu swali hilo mapema, la sivyo mtazamaji hamwogopi adui, anamkasirikia stelingi. Nilikumbuka Hush ya mwaka 2016, ya Mike Flanagan na Kate Siegel, yenye waigizaji watano tu. Pale mwanamke mwenyewe ni kiziwi asiyeweza kusema, anaishi peke yake msituni, kwa hiyo swali la yowe limejibiwa kabla mvamizi hajatokea. Mimi binti yangu anasema vizuri na ana majirani kila upande.

Kijana mmoja akarusha tu neno, wala hakuwa akinishauri: "Labda ingekuwa mvua." Nikaacha kuandika. Kila aliyelelewa chini ya bati Mbeya anajua mvua ya Machi ikishuka vizuri mnazungumza kwa ishara mezani. Yowe lipo, ila halivuki ukuta. Na umbea wa jirani, ambao ndio ulinzi wetu mkubwa, nao umelala chini ya blanketi.

Basi tukarudia vipande vya usiku. Hapa niseme kidogo, kwa anayetaka kujaribu. Mvua yenyewe niliirekodi peke yake, chumbani, maiki ikiwa chini karibu na sakafu na kiwango cha kupokea sauti nimekishusha sana, maana karibu na bati sauti inapasuka. Waigizaji tuliwarekodi usiku mkavu, mtu nje anamwaga maji ya ndoo kwenye vioo vya madirisha. Kazi ngumu ilikuwa kuwafanya wapaze sauti kana kwamba wanashindana na bati, ilhali nyumba iko kimya. Binti wetu alikuwa anasahau, anarudi kunong'ona. Mwishowe nilisimama mlangoni nikigonga karai muda wote wa mazoezi, ndipo koo likazoea.

Akina mama hawakujali yowe. Wao walikwama pale binti anapofungua mlango kwenda choo cha nje. Mama mmoja alicheka kwa sauti: "Na baridi hii ya Uyole? Ndoo si ipo ndani?" Wengine wakaitikia. Kwao filamu ilikuwa imekwisha pale, kwa sababu mwanamke mwenye akili hatoki. Nikawauliza, kitu gani kingewatoa? Walipingana kidogo, mmoja akisema mtoto, mwingine moto. Halafu mama mdogo, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Mwanangu, mimi kwa ng'ombe wa maziwa ningetoka. Hata kama najua kuna mtu."

Wote wakanyamaza, na nilijua nimepata. Ng'ombe mmoja wa maziwa ndiye ada, ndiye dawa za babu. Na kwenye bajeti yetu hagharimu chochote: hatumuoni, tunamsikia tu bandani, kamba inavutwa, anaguna. Mlio tulipewa na jirani aliyeturuhusu kukaa na maiki wakati wa kukamua. Sasa binti anapoweka mkono kwenye komeo, hakuna anayemwita mjinga. Nilipowaonyesha tena, mama yule aliyecheka alishika kanga mdomoni akasema, "Toka mwanangu, toka na panga."

Yapo maoni niliyoyakataa. Wengi walitaka kujua adui ni nani: mpenzi wa zamani, mjomba anayetaka kiwanja, mdeni wa babu. Nimewaelewa, ila nikimpa sababu, watamjadili badala ya kumwogopa, kwa hiyo amebaki sauti, koti na viatu vyenye matope. Kaka wa kibanda hajakubali mpaka leo. Anasema wateja wake watadai adui akamatwe wamwone uso, na kwamba nitamrudia. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Nakala inayokwenda Bodi ya Filamu ni hii yenye mvua na ng'ombe, uso wa adui haumo.