STAAR inaondoka Texas

Aprili binti yangu wa darasa la nne alirudi kutoka kwenye STAAR, mtihani wa jimbo la Texas kwa shule zake za umma, amekunja karatasi ya kukokotolea mpaka imekuwa kama kidonge. "Mama, maswali niliyajua, maneno ndiyo sikuyajua." Wenzake wa Kihispania wanaruhusiwa kuufanya kwa lugha yao hadi darasa la tano. Kiswahili hakimo.

Sasa sheria iliyosainiwa 2025 inauondoa. Kuanzia mwaka wa masomo 2027-28 kutakuwa na mitihani mitatu mifupi: mwanzoni, katikati na mwisho wa mwaka. Nimefurahi kweli, maana nitajua mapema anapokwama.

Ila shule bado zitapewa alama, A hadi F. Hilo linaniuma. Herufi moja haimwonyeshi mwalimu wake, anayebaki naye kila Jumatano wakisoma kwa sauti.