Ampu yangu imerudi kuimba

Wana, ile ampu (kikuza sauti) ya hedifoni za umemetuli niliyoiunga mwenyewe imepona! Wiki nzima upande wa kushoto ulikuwa unakatakata na kukoroma, nikawa nasingizia unyevu wa ziwa maana hapa Kirumba, Mwanza, vitu vinashika kutu haraka, kumbe ni lehemu moja tu imepasuka kwenye mguu wa transista. Ila jamani hii si redio ya kawaida, bayasi peke yake, yaani ule umeme wa kuchaji utando wa hedifoni, ni volti 580, so nikachomoa waya ukutani, nikasubiri kapasita (vile vifaa vinavyotunza umeme) zishushe chaji, nikapima na mita mpaka ikasoma karibu sifuri ndo nikagusa, tena kwa mkono mmoja. Saa nane usiku nasikiliza taarabu, mpaka pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza ubeti naisikia. Nimefurahi mno aisee