Zamu ya mbayuwayu, zamu ya popo

Wapenda ndege wengi huamka alfajiri, na ni haki yao, maana alfajiri ndiyo saa ya nyimbo. Saa yangu mimi ni ile jua linapozama. Nakaa kwenye kigoda pembeni mwa bustani, nimeegemea ukuta, natazama magharibi ambako anga huchelewa kuwa jeusi. Simu naiacha ndani. Hapo ndipo ninapoona jambo ambalo mchana kutwa haulioni: wadudu ni walewale, anga ni lilelile, ila wawindaji wanapokezana.

Mbayuwayu ndio wanaomaliza zamu. Wanapita chini juu ya majani, mkia wenye panda ukikata kona, halafu kadiri mwanga unavyofifia wanapanda juu zaidi, wanapungua, wanaisha. Anga linabaki tupu kidogo. Kisha anatokea popo wa kwanza. Ukiwa na shaka kama ni ndege aliyechelewa, tazama mabawa. Mbayuwayu hupiga mabawa, akateleza, akapiga tena. Popo mdogo hupigapiga mfululizo, na njia yake imejaa mikunjo ya ghafla. Bawa lake ni mkono: vidole vinne vimerefuka sana na kuunganishwa kwa ngozi nyembamba, kidole gumba kimeachwa nje na ukucha wake. Akipita mbele ya anga lenye mwanga bado, mifupa ya vidole huonekana ikikunja ngozi ile kila anapogeuka.

Watu wangali wakisema popo ni kipofu. Si kweli. Popo wote wana macho, na wale wakubwa wala matunda huyategemea sana, pamoja na pua. Popo mla wadudu yeye huwinda kwa sikio, na ilichukua muda mrefu mno watu kukubali hivyo. Katika miaka ya 1790 Lazzaro Spallanzani wa Italia alionyesha kwamba popo asiyeona huruka chumbani bila kugonga kitu. Louis Jurine wa Geneva akaziba masikio ya popo, nao wakaanza kugongana na kila kilichokuwa mbele yao. Jibu lilikuwa limeshapatikana, lakini wakubwa wa sayansi walilipuuza, kwa kuwa hakuna aliyesikia popo akitoa sauti yoyote ya maana. Ni mwaka 1938 ndipo Donald Griffin, akiwa bado mwanafunzi Harvard, alipowapeleka popo mbele ya chombo chenye uwezo wa kunasa sauti kali kupita kiasi cha sikio la binadamu. Kumbe walikuwa wakipiga kelele muda wote.

Sikio letu hukomea karibu kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na milio ya popo hawa iko juu ya hapo. Popo anayetafuta windo hutoa milio kama 10 kwa sekunde; akishamkaribia mdudu milio hiyo huongezeka hadi karibu 200 kwa sekunde. Haya yote yanatendeka juu ya kichwa changu, na mimi nasikia nyenje tu.

Nondo, lakini, anasikia. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nondo wengi wana masikio ubavuni, na katika jamii moja kubwa kila sikio lina seli mbili tu za kusikia. Zinatosha. Popo akiwa mbali, nondo hugeuza njia na kuondoka. Popo akiwa karibu, hujizungusha ovyo au hujiachia akaanguka. Unaweza kuliona hili bila chombo chochote. Mlio wa funguo zikigongana umechanganyika na sauti kali za aina ileile, kwa hiyo chukua shada la funguo, sogea karibu na nondo anayeruka, ulitikise. Wengine hawajali kabisa. Yule niliyemjaribu karibu na dirisha alifunga mabawa papo hapo na kudondoka kwenye majani kama kokoto, akatulia, kisha akatambaa chini ya jani. Nilisimama pale na funguo mkononi nikiwa na furaha ambayo ni vigumu kuieleza.

Taa ya nje nimeizima, na nakusihi uzime yako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia kamera za kasi, ulionyesha kwamba wadudu wanaozunguka taa hugeuza mgongo kuuelekea mwanga. Usiku wa kawaida anga ndilo lenye mwanga kuliko ardhi, hivyo kumpa mwanga mgongo humsaidia mdudu kujua juu ni wapi. Taa huuvuruga mpango huo, naye anabaki akizunguka palepale mpaka achoke.

Mchana nao una mambo yake, sitaki kuudhulumu. Juzi ndege mdogo, chozi jike, alikuwa akining'inia kwenye kona ya dirisha, akiuvuta utando wa buibui kwa mdomo wake uliopinda. Alikusanya fundo dogo la kijivu, akaenda nalo kwenye mti. Utando huo ndio anaofungia nyasi na nyuzi za kiota chake. Bila buibui hana cha kushonea. Tangu hapo fagio halifiki kwenye kona ile.

Ninachokisubiri sasa ni mvua. Mvua za kwanza zikishanyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa wingi, na zamu huingiliana: kereng'ende, mbayuwayu na popo wote angani kwa pamoja, kila mmoja kwa kimo chake. Safari iliyopita nilihangaika kutazama kila upande nikaambulia vipande vipande. Msimu huu nitatazama kundi moja tu la kumbikumbi, linapotokea shimoni hadi giza liingie, nijue ni nani anayeanza kulila na ni nani anayelimalizia.