Ujumbe Nilioufuta

Jumapili usiku, Kijenge Juu, Arusha

Mvua imeanza saa mbili na haijakatika. Kila ikinyesha hivi nausikia mtaro ulio nyuma ya nyumba ukinguruma, na kila ukinguruma namkumbuka Mwalimu. Najua sitalala mpaka niandike.

Mimi ni admini wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu. Sikuomba. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi, namba yangu kila mtu anayo, basi nikapewa. Miaka yote grupu limekuwa la misiba, la mbuzi aliyepotea, la "umeme umekatika kwenu pia?", la nani ana maziwa ya mgando. Na la michango. Mwaka jana kila kaya ilichanga shilingi 10,000 za kalavati, maana mtaro ukijaa watoto hawavuki kwenda shule. Mawe yaliletwa. Mchanga ukaletwa, ukasombwa na mvua. Kalavati hatujaliona.

Wiki tatu zilizopita Mwalimu aliandika. Ni mzee wa zaidi ya miaka 70, amewafundisha kusoma nusu ya kina baba wa mtaa huu, na ujumbe wa simu huuandika kama alivyokuwa akiandika ubaoni, kila nukta mahali pake. "Wapendwa majirani. Tulichanga fedha kwa ajili ya kalavati. Naomba uongozi utusomee mapato na matumizi, tujue zimebaki ngapi na kazi itaisha lini. Asanteni." Basi, hayo tu.

Watu kumi na wawili waliweka dole gumba. Jioni ileile kuna aliyepiga skrinshoti akaipeleka alikoipeleka. Asubuhi nikapigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa askari. "Wewe ndiye admini? Kuna ujumbe wa uchochezi kwenye grupu lako. Ufike kituoni saa tatu."

Nilimwachia mdogo wangu ufunguo wa duka nikaenda. Nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa saba na nusu. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana, na hilo nalisema kwa haki. Afande aliyeniita alikuwa kijana mpole, akaniita dada. Aliomba simu nikampa, akaomba namba ya siri nikamtajia. Hakuishia kwenye grupu. Alipanda juu, akafika kwenye mazungumzo yangu na mume wangu ya usiku ule mama mkwe alipokuwa mahututi, akayasoma nikiwa nimekaa mbele yake. Kisha akanirudishia. "Dada, sisi hatutaki mambo mengi. Futa, halafu mwambie mzee apumzike."

Nikafuta palepale, futa kwa wote. Kidole changu hakikusita hata kidogo, na hicho ndicho kinachoninyima usingizi kuliko lile benchi.

Neno "uchochezi" nimelizungusha kichwani wiki tatu sasa. Kuchochea najua ni nini, nimekulia kwenye moto wa kuni: unasukuma kijinga cha moto ndani, moto unaruka. Mwalimu hakusukuma kijinga chochote. Alifunua chungu kuuliza kama chakula kimeiva, na alikuwa mmoja wa waliotoa unga.

Kwenye kompyuta ya dukani ninayo Katiba, kwa sababu wanafunzi huja kuchapa kurasa za somo la Uraia. Niliporudi siku ile nilifunga mlango nikafungua Ibara ya 18. Inasema kila mtu "anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake", na mbele kidogo inataja "uhuru wa kutoingiliwa katika mawasiliano yake". Kurasa hizo nimezichapa mara mia kwa watoto wa sekondari, kwa bei ya karatasi. Siku ile nilizisoma kama barua iliyoandikwa kwangu ikachelewa kufika.

Nikaitafuta na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, maana ndiyo niliyotajiwa pale benchini. Kifungu cha 16 kinamhusu anayechapisha taarifa za uongo au zisizo sahihi. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Ukikisoma kwa utulivu unaona kinataka mtu awe anajua kuwa anachosema ni uongo, tena awe na nia ya kudanganya, kutisha au kutukana. Lakini nia hupimwa mahakamani, na mimi nilikuwa kwenye benchi, ambako hakuna anayepima. Kifungu cha 31 kinampa mkuu wa kituo uwezo wa kutoa amri ya kupekua na kuchukua kifaa bila kwenda kwa hakimu. Kwangu hata amri hiyo haikuhitajika. Nilitoa mwenyewe.

Na sisemi sheria hiyo haina kazi. Mwaka juzi alikuja binti wa hapa mtaani akilia, anataka nimchapie picha za skrini. Kijana aliyeachana naye alikuwa amesambaza picha zake za faragha. Nilimchapia bure, tukaziweka kwenye bahasha, akaenda nazo kuripoti. Aliambiwa aje wiki ijayo, kisha wiki ijayo tena, mpaka wazazi wake wakamhamishia kwa shangazi yake Babati. Yule binti ndiye niliyedhani sheria imetungwa kwa ajili yake. Kwake ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga, kwa Mwalimu ikafika kabla chai haijapoa.

Nilijua kuogopa kabla ya simu ile. Juni 2016, hapahapa Arusha, mahakama ilimhukumu kijana mmoja miaka 3 jela au faini ya shilingi milioni 7 kwa kumtukana Rais Magufuli kwenye Facebook. Tulilizungumza dukani kwa sauti ya chini. Zikaja kanuni za 2018, mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine kila mwaka. Nilikuwa na ukurasa wangu wa mapishi na habari za mtaa, nikaufunga. Huu ninaoandikia sasa nimeuanza juzijuzi tu. Halafu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ukakatika nchi nzima. Uliporudi Novemba 3 tulikuta ujumbe wa kutuonya tusisambaze picha na video za kuzua taharuki. Tangu siku hizo watu wengi ninaowafahamu hufuta kwanza, kisha ndiyo hufikiri. Mimi nimo.

Siku ile ya kituo sikupanda kifodi kurudi, nilitembea ili moyo utulie. Nikapita upande wa jumba la mikutano la AICC na ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nimeishi mji huu maisha yangu yote bila kutilia maanani kwamba ndipo makao ya mahakama mbili kubwa. Mahakama ya Afrika Mashariki ndiyo iliyoamua Machi 28, 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwamo vya uchochezi na vya kashfa kuwa jinai, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapahapa, iliamua Desemba 5, 2014 kuwa Burkina Faso ilikosea kumfunga mhariri Lohé Issa Konaté miezi 12 kwa alichoandika kuhusu mwendesha mashtaka. Mtu wa Ouagadougou alipata haki yake kutoka mji ninaouzia karatasi. Mwalimu hawezi kupeleka kesi huko moja kwa moja, kwa kuwa Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu raia kufanya hivyo. Na hata angeweza, nani aende mahakama ya bara zima kwa sababu ya kalavati?

Kinachonisumbua zaidi kimetokea baadaye, kwenye grupu lenyewe. Halikuvunjika, ila limepoa. Watu wanaandika "Amina", "Poleni na msiba", wanatuma maua ya asubuhi njema. Jumanne maji yalitoka bombani yakiwa na rangi ya kahawia. Nikadhani ni bomba langu. Nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa, sikumwambia mtu. Alhamisi nikakutana na mama Glory dukani, akaniambia mwanawe anaharisha siku ya pili. "Maji yako yalikuwaje?" nikamuuliza. "Ya kahawia. Nilidhani ni kwangu tu." Nyumba zetu hazijaachana hatua hamsini. Zamani mtu mmoja angeandika mstari mmoja, na kabla ya saa nne kila mama mtaani angekuwa amebandika sufuria jikoni. Safari hii kila mmoja alinyamaza na ndoo yake. Hakuna afande aliyetuambia tusizungumzie maji. Hilo tulilikataza wenyewe, na mimi ndiye niliyeanza, kwa kidole changu.

Jana saa nne Mwalimu aliingia dukani, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niangalizie simu hii. Ujumbe wangu wa kalavati siuoni. Nadhani nilibonyeza kitu vibaya."

Wiki tatu mzee alikuwa akijilaumu kwa kidole chake. Ndipo nikamwambia yote: simu, benchi, saa saba na nusu, na kwamba aliyefuta ni mimi. Ujumbe niliotumwa nimfikishie, kwamba apumzike, ulinishinda kuutamka. Alisikiliza akiangalia barabarani. Nilitegemea anikaripie, na ningeshukuru.

"Basi niandikie kwenye karatasi," akasema.

Nikachapa maneno yake yaleyale, kwa kuwa nimeyashika moyoni. Alisimama nyuma yangu akisoma kwenye skrini. Akataka majina yake yote matatu, namba ya simu na mahali pa kutia saini.

"Mwalimu, huogopi?"

"Naogopa. Hapo baada ya 'lini' umesahau nukta."

Nikaiweka nukta. Alitaka nakala tatu: ya mwenyekiti, ya mtendaji na yake. Nilimwambia hakuna malipo, akaweka pesa juu ya meza na kuzisukumia kwangu kwa vidole viwili. Akasaini zote tatu kwa mwandiko ule wa ubaoni. Nilikuwa nimetoa ya nne bila yeye kuniomba, akaiona, akaisaini nayo bila kuuliza ni ya nani.

Iko hapa mezani, kando ya simu. Mume wangu ameamka mara moja, akaitazama karatasi, akanitazama, akarudi kulala bila neno. Mtaro unazidi kunguruma.

Nimeipiga picha, nimeiweka kwenye grupu, na chini yake nimeandika: "Ujumbe huu wa Mwalimu niliufuta mimi. Naurudisha." Nikamalizia kwa jina langu. Saa tano na dakika kumi.

Tiki mbili. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Kisha juu ya skrini: mama Glory anaandika. Anaacha. Anaandika tena.

"Mimi pia naulizia maji."