Siku kumi Komoro: fedha taslimu na siku za akiba

Nilipowaambia jamaa zangu wa Dar es Salaam kwamba nakwenda Komoro, karibu wote walinihakikishia kuwa nitajiona kama nipo Unguja, kwa kuwa watu ni ndugu, dini ni ile ile na lugha ni jirani. Kwa upande wa watu hawakukosea. Hata hivyo, kilichoniwezesha kukamilisha safari yangu ya Juni hakikuwa undugu bali mambo mawili ya kawaida kabisa: bahasha ya euro na siku chache nilizoziacha wazi.

Nianze na fedha. Simu, ambayo kwetu ndiyo pochi, haikunifaa kwa malipo, kadi ya benki ilikubaliwa katika sehemu chache mno, na shilingi yetu haina soko huko. Nilibeba euro taslimu, nyingi zikiwa noti ndogo, nikalipia viza kwenye uwanja wa ndege wa Hahaya na kubadilisha zilizobaki kidogo kidogo mjini Moroni. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro kwa kiwango kisichobadilika, takriban faranga 492 kwa euro moja, kwa hiyo hakuna haja ya kuzunguka mitaani kutafuta bei nzuri zaidi. Atakayekupa pungufu sana ya hapo anakupunja.

Lugha ilinisaidia nusu ya njia. Shingazija, yaani Kikomoro cha kisiwa cha Ngazija ulipo mji wa Moroni, kikizungumzwa polepole nilikifuata, na wenyeji wengi wenye jamaa Zanzibar walinijibu kwa Kiswahili, lakini bei za sokoni mara nyingi zilitajwa kwa Kifaransa, hivyo ninamshauri msafiri ajifunze namba za Kifaransa kabla ya kuondoka. Siku ya kwanza kijana mmoja alipokea nauli yangu akaniambia "marahaba", nami nikabaki nikijiuliza ni lini nilimwamkia shikamoo. Kumbe kwao marahaba ni asante.

Nililala kwa familia moja Moroni, na hapo nikajifunza kuoga kwa kata. Ngazija ni kisiwa cha volkano ya Karthala, chenye mwamba unaonyonya maji ya mvua hata hakuna mto unaotiririka mwaka mzima, na nyumba nyingi hutegemea birika za maji ya mvua. Mgeni anayefungulia maji ovyo anamaliza akiba ya mwenyeji wake.

Shabaha yangu hasa ilikuwa kisiwa cha Mwali, kuwaona kasa wakitaga katika kijiji cha Itsamia. Nilifika Moroni Jumapili, na ndege ndogo ya kwenda Mwali ilitakiwa kuondoka Jumanne. Ikaahirishwa hadi Jumatano, kisha Alhamisi, bila maelezo ya kueleweka. Abiria wenzangu wawili walichoka kungoja wakaamua kwenda Chindini, kusini mwa Ngazija, kupanda boti ya kuvukia. Mimi ni mtu wa pwani, na kwa sababu hiyo hiyo sikuwafuata: kusi lilikuwa linavuma, na boti zile ni ndogo. Niliweza kungoja kwa utulivu kwa kuwa nilikuwa nimeacha siku nne za akiba kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Wenzangu walifika salama, wameloa chapachapa pamoja na mizigo yao.

Itsamia nililala usiku tatu badala ya mbili, kwa kuwa ndege ya kurudi nayo ilichelewa hadi Jumapili. Usiku tulikwenda ufukweni na kiongozi wa kijiji, kimya, bila tochi nyeupe, kwa sababu mwanga humrudisha kasa baharini kabla hajataga. Tulikaa mchangani zaidi ya saa moja tukimtazama mmoja akichimba. Asubuhi tulikula mataba, yaani kisamvu cha nazi, pamoja na samaki, na hapo ndipo nilipokumbuka Unguja kweli.

Jambo la mwisho ni la mahesabu. Kabla ya kuondoka Jumanne nilizibakiza euro zangu na kuzitumia faranga, lakini si zote. Maduka matatu ya kubadilishia fedha Dar es Salaam yalizikataa faranga zilizosalia, na hadi leo noti hizo zimo ndani ya pasipoti yangu.